Binti Yangu Ana B na Anataka Kuwa Brigedia: Je, Niuze Kiwanja?

"Assalaam alaikum, Afande. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Shela hapa Malindi, nauza mahamri na viazi karai. Binti yangu wa pili ana miaka 19, amepata B kwenye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari: Hisabati C+, Kiingereza B, Bayolojia B. Tangu yuko darasa la sita anasema atakuwa mwanajeshi, tena brigedia. Mjomba wake anasema aende usajili wa makurutu utakapokuja, akishaingia atapanda polepole hadi juu. Jirani yangu ananiambia wanawake jeshini ni wa kupika na kupiga chapa, na kwamba mtoto wa Pwani, tena Muislamu, hapiti ukapteni. Sasa kuna bwana amekuja nyumbani mara mbili. Anasema anajuana na mkubwa Nairobi, nikitoa laki tatu na nusu binti ataingizwa moja kwa moja kwenye uafisa. Nina kiwanja Mambrui, kiliachwa na marehemu baba yake. Je, nikiuze? Na akiingia, itamchukua miaka mingapi kufika anakotaka?"

Waalaikum salaam, dada yangu. Kiwanja usiuze. Nalitanguliza hilo kwa sababu mengine yote tunaweza kuyazungumza kwa utulivu, lakini huyo bwana huenda akarudi nyumbani kwako kesho. Na hata kama ungekuwa na nia ya kukiuza kwa jambo la halali, hicho ni kiwanja cha marehemu: watoto wote wanne wana haki zao ndani yake, na mlango wa kwanza wa kubisha ungekuwa wa Kadhi, si wa dalali.

Nimetumikia jeshi kama afisa hadi nikastaafu, na tangu nirudi nyumbani wazazi wengi wa huku kwetu wameniuliza swali linalofanana na lako. Karibu wote hujiwa na mtu wa aina hiyo hiyo. Acha nikueleze kazi yake inavyokwenda. Hukusanya pesa kwa wazazi kumi au kumi na watano. Hana mkono wowote katika uteuzi, ila anajua kwamba katika vijana hao mmoja au wawili watafaulu kwa nguvu zao wenyewe. Hao waliofaulu huwa ndio ushahidi wake: "Muulizeni mama fulani, si mwanawe yuko kambini?" Wale wengine huambiwa wasubiri awamu ijayo, mpaka simu yake inapozimwa. Wako wabaya zaidi wanaowapa vijana barua bandia za kuitwa mafunzoni. Kijana anaagwa kwa dua na mapilau, anapanda basi, anafika langoni na sanduku lake, jina lake halimo kwenye orodha, na usiku huo analala kituo cha polisi akihojiwa kwa kosa la kughushi. Ndoto ya uafisa inafia hapo, maana jeshi halimchukui mtu mwenye rekodi ya uhalifu.

Wewe mwenyewe pia ungekuwa hatarini. Sheria ya Hongo ya 2016 inambana anayetoa sawa na anayepokea: kifungo kinaweza kufika miaka 10, au faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Matangazo ya jeshi yenyewe husema waziwazi kila mara kwamba usajili ni bure. Akirudi, mwambie hapana mbele ya mtu mzima mwingine wa nyumbani, usimpe kitambulisho wala vyeti vya binti "akavipeleke", na iweke namba yake. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ina ofisi Malindi.

Sasa nije kwa mjomba, ambaye kosa lake ni la nia njema. Jeshini kuna milango miwili, na kila mlango una ngazi zake. Anayeingia kama kurutu hufundishwa Eldoret, katika kambi ya Moi Barracks, na anatoka akiwa askari wa kawaida, yaani praiveti. Kutoka hapo anapanda kuwa koplo, sajini, sajini mwandamizi, kisha afisa wa waranti wa daraja la pili na la kwanza. Hiyo ni kazi ya heshima kubwa. Afisa wa waranti mwenye miaka ishirini na kitu kazini ndiye uti wa mgongo wa kikosi, na luteni mwenye akili humsikiliza kabla ya kufungua mdomo. Lakini ngazi hiyo haifiki kwenye ubrigedia. Wapo askari waliotoka humo wakapewa kamisheni ya uafisa, ila ni wachache, na wengi wao huwa wameshatumia miaka yao ya ujana upande wa kwanza, kwa hiyo umri unawawahi kabla ya vyeo vya juu.

Nadhani mjomba amezisikia habari za zamani. Jenerali Jackson Mulinge, Mkenya wa kwanza kufika cheo cha jenerali kamili, aliingia King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, kama askari wa kawaida wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na akaja kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1978 hadi 1986. Ni kweli kabisa. Lakini zama zile Waingereza walikuwa hawawapi Waafrika uafisa, kwa hiyo kila Mwafrika aliyekuja kuwa jenerali wa kizazi kile alilazimika kupitia huko. Leo njia imebadilika. Mtu mwenye B akienda kupanga foleni ya makurutu, ambako alama ya D inatosha kuingia, ameupita mlango ambao binti yako tayari anao ufunguo wake.

Mlango wa pili unaitwa kadeti. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka raia wa Kenya mwenye umri wa miaka 18 hadi 26, wastani wa B kwenye KCSE, na angalau C+ katika Hisabati, Kiingereza na somo moja la sayansi. Urefu usipungue mita 1.60, na uzito kwa mwanamke usipungue kilo 50. Mwanamke asiwe mjamzito wakati wa usajili na muda wote wa mafunzo. Kwa alama ulizonitajia, binti anastahili kuomba, ingawa Hisabati imegusa mpaka wenyewe, kwa hiyo tangazo likitoka lisomeni neno kwa neno, maana masharti huweza kubadilika. Maombi ya kadeti hufanywa mtandaoni kupitia tovuti ya Wizara ya Ulinzi. Tofauti na makurutu, hawaitwi tu uwanjani kukimbia siku moja. Huchujwa kwanza kwa makaratasi, kisha wanaobaki huitwa kupimwa mwili, afya na akili, na kuketi mbele ya jopo la maafisa. Jopo lina watu kadhaa, na hilo peke yake linapaswa kukuonyesha kwa nini "mkubwa mmoja Nairobi" hawezi kukuuzia nafasi.

Wanaofaulu huenda Chuo cha Kijeshi cha Kenya, Lanet, kando ya Nakuru. Mafunzo ya huko siku hizi yameunganishwa na shahada ya mambo ya kijeshi, kwa hiyo mzazi asidhani ni miezi michache ya gwaride. Wanapohitimu, Rais mwenyewe huwapa kamisheni, na siku hiyo binti yako angekuwa luteni wa pili.

Umeuliza miaka mingapi hadi ubrigedia. Nitakujibu kwa watu wanaojulikana kuliko kukupa ahadi ya kubuni. Fatuma Ahmed aliingia jeshini mwaka 1983. Akawa brigedia 2015, mwanamke wa kwanza Kenya kufika hapo. Akawa meja jenerali 2018. Na 2024 akapewa uongozi wa Jeshi la Wanahewa, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi zima la jeshi letu. Hesabu mwenyewe: kutoka kuingia hadi ubrigedia ni miaka 32. Marehemu Jenerali Francis Ogolla alijiunga Aprili 1984, akapata kamisheni Mei 1985, na akawa Mkuu wa Majeshi 2023, miaka 39 tangu ajiunge. Kwa hiyo binti yako akianza sasa na mambo yakamwendea vizuri, usitarajie ubrigedia kabla hajakaribia miaka 50. Mwambie hivyo. Nimeona vijana wakivunjika moyo wakiwa luteni kwa sababu hakuna aliyewaambia.

Kwa nini iwe muda mrefu hivyo? Kwa sababu cheo kinakwenda na idadi ya watu unaowabeba. Luteni wa pili hupewa platuni, watu kama thelathini. Meja huongoza kombania, watu mia na kitu. Luteni kanali huongoza batalioni, mamia kadhaa ya askari pamoja na familia zao, magari, silaha, chakula na kesi zao za nidhamu. Brigedia anashika vikosi kadhaa kwa pamoja, au anaketi makao makuu akipanga bajeti, ununuzi, mafunzo na watumishi wa jeshi zima. Kosa la mtu wa cheo hicho linalipwa kwa roho za watu, basi jeshi halimfikishi hapo mpaka limemwona akifanya kazi ndogo kwa miaka.

Kupanda kunahitaji mambo matatu yakutane. La kwanza ni kozi na mitihani. Kuna mitihani ya kupanda cheo ngazi za chini, kisha afisa akifika karibu na umeja au uluteni kanali anashindania nafasi ya Chuo cha Pamoja cha Makamanda na Maafisa Wanadhimu, Karen. Asiyepita hapo, njia yake ya juu inakuwa nyembamba sana. Mbele zaidi, makanali na mabrigedia huchaguliwa kwenda Chuo cha Taifa cha Ulinzi, nacho kiko Karen, ambako wanasoma pamoja na maafisa wakuu wa serikali. La pili ni ripoti ya siri ya kila mwaka. Mkubwa wake anaandika: anaongoza vipi, anasema kweli, anakunywa, ana madeni, anawatendeaje walio chini yake. Ripoti hizo zinakusanyika tangu siku ya kwanza, na bodi ya kupandisha vyeo inapoketi kuamua nani awe luteni kanali, inasoma hata zile alizoandikiwa akiwa kijana wa miaka 25. Hapa ndipo ninapowahimiza vijana zaidi ya mahali pengine popote. Wengi hufikiri ukubwa unatafutwa mtu akishakuwa kanali, kumbe umeshaamuliwa kwa sehemu kubwa katika miaka kumi ya mwanzo, katika kambi ya mbali, na meja ambaye hakuna anayemjua.

La tatu ni nafasi, na hili watu hulisahau. Mkuu wa Majeshi ni mmoja, makamu wake ni mmoja, makamanda wa matawi ni watatu. Hata afisa aliye bora hawezi kupanda ikiwa hakuna kiti kilicho wazi. Jenerali Daudi Tonje, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kati ya 1996 na 2000, aliweka kanuni ambazo maafisa mpaka leo huziita za Tonje: umri wa kustaafu unafuata cheo, na wakuu hawakai kitini daima. Mkuu wa Majeshi ana muhula wa miaka minne. Kanuni hizo ni chungu kwa anayeondoka na ni rehema kwa walio nyuma yake, na mimi naziona za haki. Lakini maana yake ni kwamba maafisa wengi wazuri hustaafu wakiwa mameja au maluteni kanali, bado na nguvu, bila kosa lolote. Binti yako akiishia hapo atakuwa ameongoza mamia ya watu na kupata pensheni yake, na usikubali mtu akuambie ameshindwa.

Jirani yako nimemweka mwisho kwa kuwa maneno yake yana historia nyuma yake. Alichosema kuhusu wanawake kilikuwa karibu na kweli zamani. Kikosi cha wanawake kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikiwa peke yake, na kazi zao nyingi zilikuwa za ofisi, mawasiliano na tiba. Mwaka 1999 kikavunjwa, wanawake wakaingizwa katika vikosi pamoja na wanaume. Leo wako marubani, wahandisi, madaktari, wanasheria. Tena zingatia hesabu: wale walioingia baada ya 1999 ndio kwanza wanafikia umri wa ukanali na ubrigedia. Uchache wa wanawake juu leo unaonyesha jinsi mlango ulivyokuwa miaka thelathini iliyopita. Binti yako anaingia mlango mwingine.

Kuhusu Pwani, Jenerali Samson Mwathethe, mtu wa kaunti yetu hii ya Kilifi, alikuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 2015 hadi 2020. Kuhusu dini, Jenerali Mahmoud Mohamed, Muislamu, alishika kiti hicho hicho kwa miaka kumi, 1986 hadi 1996. Jeshi lina maimamu wake wenye vyeo vya uafisa, na Ramadhani hufungwa kambini. Katiba nayo, ibara ya 241, inataka uongozi wa jeshi uonyeshe sura za maeneo na makabila ya nchi. Sisemi upendeleo haupo duniani. Nasema kwamba, kwa nilivyoona, kinachotupunguza zaidi sisi watu wa Malindi na Lamu katika uafisa ni kutokuomba: tangazo linatoka, linafungwa, na huku vijana wenye B wanangojea siku ya makurutu uwanjani.

Kuna gharama ambazo hakuna atakayekuja kukuhesabia mlangoni. Kenya iliingia Somalia Oktoba 2011, na Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilishambuliwa, tukapoteza vijana wengi, maafisa wakiwemo. Hata huku nyumbani unajua hali ya njia ya Lamu, na tangu 2015 wanajeshi wamekuwa msitu wa Boni. Maafisa wadogo ndio wanaotangulia mbele ya platuni zao, na mwanamke hana msamaha wa kudumu katika hilo. Kisha kuna uhamisho: leo Gilgil, kesho Nanyuki, keshokutwa Isiolo. Ndoa inawezekana, na wengi wameolewa na kulea, lakini inataka mume anayeielewa kazi hiyo na mama au shangazi wa kushika watoto. Zungumzeni haya sasa, wewe na yeye, bila mjomba na bila jirani.

Je, aombe ukadeti mara moja au aende chuo kikuu kwanza? Ningekuwa mimi, ningefanya yote mawili. B inampa nafasi ya chuo kikuu, kwa hiyo aombe kupitia KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, na aikubali nafasi atakayopata, iwe Pwani University hapo Kilifi au kwingine. Tangazo la kadeti likitoka, aombe. Akikosa, arudi darasani na aombe tena mwaka unaofuata, maana ana hadi miaka 26. Akihitimu udaktari, uhandisi, sheria au teknolojia ya habari, kuna njia ya maafisa wa taaluma, ambao huingia na shahada zao. Njia hiyo ni salama zaidi kimaisha, kwa kuwa hata jeshi likimkataa ana kazi mkononi. Kasoro yake ni kwamba anayeingia kwa taaluma hupanda zaidi ndani ya taaluma yake, na viti vya kuamuru vikosi vikubwa huenda kwa wale wa Lanet. Kama moyo wake uko kwenye kuongoza askari, basi kadeti ndiyo njia yake.

Wakati mnasubiri, kuna kazi moja ya haraka ambayo huku kwetu imewakwamisha wengi: majina. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na hati ya KCSE, viweke mezani pamoja. Kimoja kikisema Fatma na kingine Fatuma, kimoja kikiwa na jina la babu na kingine hakina, au tarehe za kuzaliwa zikitofautiana, jopo litauliza, na "wote wananijua mtaani" si jibu. Marekebisho huchukua muda mrefu, kwa hiyo muende ofisi ya usajili wa watu mapema, na kama tofauti ni kubwa mtafute wakili au msaada wa kisheria awaandalie hati ya kiapo.

La pili ni mwili. Mpeleke hospitali ya Malindi apimwe macho, masikio, shinikizo la damu, meno na nyayo za miguu, na mwambie daktari kwamba ni kwa ajili ya jeshi. Jino bovu linatibika sasa. Siku ya usajili halitibiki. Kama alishawahi kuwa na pumu, kifafa au kuvunjika mfupa, msifiche. Ongea na daktari ana kwa ana kabla ya kuomba, kwa sababu hilo siwezi kulihukumu kwa barua, na mafunzo ya Lanet yanaweza kumdhuru kweli mtu mwenye ugonjwa uliofichwa. Mbio aanze taratibu, alfajiri ufukweni maji yakiwa yametoka na mchanga umeshikana, akiwa na mwenzake.

Ukitaka, mlete na vyeti vyake tukae tuvisome pamoja, na nimfanyie usaili wa majaribio. Nitamuuliza kwa nini anataka kuongoza watu, na ningependa ajibu yeye mwenyewe, bila kusaidiwa na mama.